Mume Wangu Aliacha Dawa za Moyo kwa Sababu ya Mdomo Wangu

Admin, nifichie jina tafadhali, mume wangu naye yumo humu. Mie ni mama wa miaka 38, naishi Ukonga, nina watoto wawili. Mume wangu ana miaka 46, ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka juzi aliambiwa moyo umetanuka, hausukumi damu vizuri, akaanzishiwa dawa aina tano.

Jamani, zile dawa zilimsaidia lakini zilimtesa. Ya kutoa maji mwilini ilimfanya aache darasa kila saa akimbilie chooni. Nyingine ilimshusha presha, akiinuka ghafla anashika ukuta. Yote alivumilia. Kisha matiti yakaanza kujaa na kuuma, hata shati likimgusa anakunja uso. Alinionyesha mie tu, chumbani, akasema, "Mama watoto, hii ibaki hapahapa."

Nikacheka. Sikuwa na ubaya, lakini nilicheka. Kesho yake nikamsimulia mdogo wangu kwenye simu.

Siku ya kipaimara cha binti yetu nyumba ilijaa wakwe, majirani, walimu wenzake. Mdogo wangu, huku anapakua pilau, akapaza sauti: "Shem, nasikia siku hizi unanyonyesha! Nikuletee mwanangu?" Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni utani wa mashemeji tu. Mume wangu akatabasamu, akaenda kukaa na wazee. Hakuniuliza kitu, si siku ile wala baadaye.

Kumbe kuanzia hapo aliacha dawa zote. Mie nilikuwaga namwekea mkononi kila asubuhi, anapiga funda la maji, namshukuru Mungu. Vile vidonge nilikuja kuvikuta kwenye mfuko wa koti lake la suti, nikitafuta kadi ya bima ili tumkimbize hospitali. Miguu ilikuwa imevimba mpaka magotini, hawezi kulala, anahema amekaa.

Nilimweleza daktari ukweli wote. Akanitazama, akasema taratibu, "Mama, matiti yalitokana na dawa moja tu kati ya zile tano, na ipo nyingine ya kuweka badala yake. Angetuambia tu." Nililia palepale kwenye korido, watu wakadhani nimefiwa.

Yuko hai, tunashukuru. Dawa ilibadilishwa na maumivu ya matiti yamepungua. Lakini moyo umechoka kuliko mwanzo. Kutoka kitandani hadi barazani anapumzika mara mbili, na kufundisha hawezi tena. Dawa anameza akiwa amenipa mgongo.

Kinachoniua sasa ni mama mkwe. Ametoka Njombe kuja kumuuguza, na kila siku anamsema: "Baba mzima una watoto, unaacha dawa kwa kiburi! Umejitakia." Mwanawe anatazama chini tu. Juzi nikamwambia, "Baba watoto, niruhusu nimweleze mama kilichotokea."

Akajibu bila hasira, "Ulishasema mara moja. Inatosha."

Ndugu zangu, nikinyamaza, mgonjwa anabeba kosa langu mpaka sijui lini. Nikisema, namvua nguo kwa mara ya pili, safari hii mbele ya mama yake mzazi. Mnitukane, nimestahili, lakini mkimaliza mnishauri. Nifanye nini?