Picha Kutoka Wodi ya Majeruhi

Wanaomfahamu Mwaisha hapa Magomeni husema hajawahi kumpiga hata mwanawe. Ni muuguzi wa wodi ya majeruhi, mpole, asiyependa maneno mengi.

Asubuhi moja aliletewa Faraji, mkulima wa Ziwani. Watu waliofunika nyuso walimcharanga mapanga shambani kwake, kwenye mikorosho, wakamwacha wakidhani amekufa. Sikio moja halikuwepo. Shati lilikuwa limegandia kwenye vidonda, ikabidi likatwe kwa mkasi. Daktari alimshona, na mchana akafumbua macho, akaomba maji.

Dada yake, Asia, alilia kwa furaha, akatoa simu akampiga picha.

"Dada, humu ndani simu hairuhusiwi," Mwaisha alimwambia.

"Mara moja tu, nesi. Ndugu wajue yupo hai."

Aliituma kwenye kundi la WhatsApp lililobaki tangu harusi ya Faraji. Humo walikuwamo ndugu wa pande zote mbili, na Athumani, shemeji yake Faraji, aliyekuwa akigombea naye lile shamba. Athumani aliuona uso wa mtu ambaye yeye na wenzake walidhani wamemuua. Kwenye picha, ukutani nyuma ya Faraji, aliona jina la wodi.

Alikuja saa ya kuona wagonjwa, amebeba kikapu chenye hotpoti ya chakula kama wengine. Chini ya hotpoti kulikuwa na panga. Alipolichomoa, wagonjwa wenye nguvu walijitupa chini ya vitanda. Pigo la kwanza lilimpata Faraji begani. La pili Mwaisha alilikinga kwa mkono, akasikia mfupa ukivunjika. Kwa mkono uliobaki alinyakua chuma cha kutundikia dripu, akamtandika Athumani usoni. Panga likaanguka, na mwenyewe akaanguka. Mwaisha hakuacha. Alimpiga kichwani, mgongoni, kwenye vidole, mpaka mlinzi akamkamata kiunoni na kumvuta.

Faraji alipona. Athumani alipoteza jicho, kisha akafungwa.

Asia alimfuata Mwaisha nyumbani. "Nisamehe, dada. Mimi ndiye niliyemwonyesha njia."

"Wewe ulifurahi tu," Mwaisha akamjibu, akamsogezea mkeka.

 Walipokaa, Mwaisha akasema, "Alikuwa ameshaanguka, Asia. Panga lilikuwa mbali naye. Nililiona, na bado nikampiga."