Nilivyomnunulia Zuhura Mtamba

Chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka hujifunika kanga usoni. Mjukuu wangu Zuhura kafaulu la saba, kachaguliwa kwenda sekondari, na baba yake, mwanangu wa kumzaa mwenyewe, kanuna kama kafiwa kwa sababu keshaongea na watu wa posa. Nikasema ngoja, nitamnunulia mtoto zawadi ya kumtia baba yake adabu mbele za watu.

Mjini Mhindi mwenye duka akanitolea mwanasesere na visufuria vya kuchezea. Visufuria! Masufuria si atayasugua maisha yake yote? Nikaona kitabu, juu pana picha ya binti kasimama wima, ndoo mkononi, nikasoma mwenyewe (kisomo cha watu wazima kilishanifikisha kwenye mba, mbe, mbi): M-ta-mba Bo-ra. Mtamba! Mwanamke anayetamba. Ndicho hicho.

"Bibi, unafuga?" akaniuliza.

"Nafuga mjukuu!" nikamjibu, nikatoka natingisha mabega.

Basi kijijini kwetu Ipuli nikajaza ua: majirani, balozi wa nyumba kumi, hata mjomba wa muoaji aliyekuja kutaka jibu la posa. Nikasimama nikasema mjukuu wangu si wa jikoni, ni mtamba, haya mama, soma wasikie! Zuhura akafungua, akasita.

"Bibi..."

"Soma!"

"Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa."

Ua mzima ukalipuka. (Sisi ng'ombe tunawaita kwa Kinyamwezi, hicho Kiswahili cha mabwana mifugo ningekijulia wapi?) Mwanangu kacheka mpaka kashika ukuta: "Mama, kisomo kimekukolea! Basi mtamba wako kapata mnunuzi, huyu hapa."

Jasho likanitoka. Lakini Zuhura hakunyamaza, anasoma tu kwa sauti ya darasani: "Wafugaji wengi wana tamaa ya kupata ndama haraka. Mtamba asizalishwe kabla hajakomaa, atadumaa."

Kicheko kikakatika. Balozi akamgeukia mwanangu: "Bwana, hata ng'ombe husubiriwa. Wewe mwanao umemshusha chini ya ng'ombe?"

Mjomba wa muoaji akavaa makubazi, chai kaiacha.

Zuhura akaenda sekondari. Mimi mpaka leo Ipuli naitwa Bi Mtamba, na naitika. Ila kununua kitabu kwa kutazama jalada, sirudii: nafungua ndani kwanza, herufi kwa herufi, hata wakitaka kufunga duka wanisubiri.