Meno ya Mama Leonida

Kidole gumba cha Nabalayo kinapita polepole juu ya kioo cha simu, na kila kinapopita kunyanzi moja linatoweka. Ni Alhamisi asubuhi mtaani Pioneer, Eldoret, na baridi ya huku haijamruhusu mtu kuvua sweta. Mbele ya kibanda chake vijana wa boda boda wanabishana kuhusu mpira kwa kelele zote. Yeye hawasikii. Anamshughulikia marehemu.

Marehemu ni Mama Leonida wa Yamumbi, anayezikwa kesho. Picha yenyewe ilipigwa na jirani siku ya kuvuna mahindi. Mama amefunga kitambaa kichwani, anacheka kinywa wazi, na pembeni yake kuna gunia na mguu wa mtu mwingine.

"Kwanza namtoa shambani," Nabalayo anaeleza bila kuinua uso. "Halafu namvalisha suti, nalainisha ngozi kidogo. Na madam amesema nimwekee meno."

Madam ni Brigid, binti ya marehemu, karani huko Nairobi. Ndiye aliyetuma pesa na maagizo. Mama Leonida alikuwa na pengo mbele, upande wa chini, kwa kuwa aling'olewa meno mawili akiwa msichana, kama walivyofanyiwa Wabukusu wengi wa rika lake. Apu ya picha ya Nabalayo huziba pengo kama hilo kwa mguso mmoja tu. Anagusa. Mama Leonida anapata meno, meupe pepepe, yamejipanga utadhani yamenunuliwa jana.

Nabalayo, mwenye umri wa miaka 29, hana kamera wala studio. Alitoka Kimilili kuja kuuza katika duka la mtu, akanunua simu iliyokwisha tumika, na mambo yakaanzia hapo. Wateja wake wa kwanza walikuwa wanafunzi wa chuo cha Chepkoilel. Huyu anataka kuonekana ameketi juu ya wingu, yule anataka kushika mwezi kiganjani, mwingine anataka awe wawili kwenye benchi moja, akijisalimia mwenyewe!

"Hao ndio walinifundisha kucheza na mwanga," anasema. "Lakini wanafunzi hawana pesa. Ni vibaya kusema, ila wanaonilipia nyumba ni waliofariki."

Picha kubwa ya mazishi, pamoja na fremu, ni shilingi elfu moja mia tano. Kila familia inamtaka mtu wake atoke akiwa nadhifu, na Nabalayo amekwisha kuwavalisha tai wazee ambao maishani hawakuwahi kuigusa. Hakuna aliyelalamika. Mpaka leo.

Mchana anafika Mzee Wabuge, mume wa marehemu, kofia mkononi. Amekuja kuchukua picha. Nabalayo anampa kwa mikono miwili, na mzee anaitazama muda mrefu kupita kawaida.

"Huyu ni nani?"

"Ni Mama, Mzee."

"Mama wa nani?"

Nabalayo anatabasamu, akidhani mzee amesahau miwani. Masikini, hajui kilicho mbele yake.

"Msichana wangu," mzee anasema, na sauti haipandi hata kidogo, "mimi nimekula na huyo mama sahani moja tangu nikiwa kijana. Huyu umenipea simjui. Nikimweka mbele ya jeneza, watu wataniuliza tunazika nani."

Hapo Nabalayo anabanwa. Aliyelipa ni binti, anayelia ni mume, na mazishi ni kesho asubuhi. Akimsikiliza mmoja amemkosea mwingine, na Yamumbi nzima itajua picha iliharibiwa na nani. Anafanya analoweza. Anampigia Brigid, anaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Baba, tafadhali usianze," Brigid anasema. Yuko njiani, gari linasikika likinguruma. "Watu wa ofisi wanakuja. Na si mimi nimeanza. Mama mwenyewe alikuwa anaficha mdomo kwa picha zote. Zote, Baba! Hakutaka watu waone."

Hilo ni kweli, na Nabalayo analijua. Brigid alimtumia picha nyingi, za harusi za jamaa, za ubatizo, za Krismasi, na katika kila moja mkono wa mama uko mdomoni. Hii ya mahindi ilichaguliwa kwa sababu ndiyo pekee ambayo alijisahau.

Mzee Wabuge anaikunja kofia yake, anaikunjua.

"Alianza kuficha lini?"

"Mimi sijui, Baba."

"Alianza ile siku ya wazazi, shuleni kwako. Ulirudi ukamwambia asikuje tena, wenzako wamemcheka. Kabla ya hapo, mama yako alikuwa anacheka mpaka ng'ombe wanageuka."

  Nabalayo anatazama sakafu, akijuta kwa nini aliweka sauti ya juu.

"Nilikuwa mtoto," Brigid anasema, na sasa analia waziwazi.

"Najua. Hata yeye alijua. Hakukukasirikia hata siku moja. Alificha tu."

Brigid anapenga kamasi. Kisha, "Nabalayo, uko hapo?"

"Niko, madam."

"Mrudishie pengo lake. Na hiyo suti toa. Mrudishe vile alikuwa."

"Huo mguu je?"

"Huo ni wa shemeji," mzee anadakia. "Huo toa. Hata mahindi yenyewe hakuvuna."

Brigid anacheka katikati ya machozi, na loo, ni cheko kubwa kama la mama yake, lile la kumfanya mzee aitazame simu.

Nabalayo anarudi nyuma hatua kwa hatua. Suti inaondoka, kitambaa kinarudi. Makunyanzi yanarudi, moja baada ya jingine. Mwisho meno mawili yanatoweka, na Mama Leonida anacheka tena. Picha mpya inachapishwa. Mzee anaifunika kwa koti ili vumbi lisiiguse, anaondoka.

Nabalayo haiti mteja mwingine. Anafungua picha zake mwenyewe, anamtafuta mama yake aliye Kimilili. Ziko nyingi, na kila moja ameilainisha, kisha akafuta ya asili ili simu isijae. Mama yake ana alama ya moto shavuni tangu utotoni. Anakagua picha zote. Haimo hata katika moja.

"Iko shavu gani?" anajiuliza kwa sauti. Anafumba macho. Hakumbuki.

Anapiga simu. "Mama, ile alama yako ya moto, iko upande gani?"

"Wewe Nabalayo!" Sauti inatoka na cheko. "Umeniangalia tangu nikuzae, leo unaniuliza mimi?"

Anakata simu polepole, na macho yamelowa. Jumapili hatafungua kibanda. Atapanda gari kwenda Kimilili.

"Mama hajaniambia ni upande gani, na sitamuuliza tena," anasema. "Nitafika, niketi mbele yake, nimwangalie. Simu nitaiacha mfukoni."