Nimezunguka taasisi sita kutafuta mkopo wa kirikuu, sasa credit score yangu inanisema vibaya

Wakuu, salaam zenu. Wenye umri wao shikamooni, wenzangu na mie mambo.

Hii ni yangu mwenyewe, sijaisikia saluni. Na sina sababu ya kudanganya, maana aliyeaibika ni mimi.

Nauza mapazia Msimbazi. Wanaonijua wanaujua na ugonjwa wangu: sinunui kitu duka la kwanza. Hata bei ikiwa nzuri. Tena ikiwa nzuri ndiyo kabisa, nahisi duka la pili nitapata nzuri zaidi.

Sasa, tulikuwa tunabebea mzigo kwenye guta la kukodi. Siku moja mvua ikatukuta Jangwani, mapazia ya mteja yakafika yamelowa chapachapa na rangi zimechuja. Nikalia, nikamlipa mteja, nikaapa lazima tununue kirikuu, kigari chetu wenyewe cha mizigo.

Mume wangu, Baba Rahma, akauza pikipiki yake ili tupate malipo ya awali. Ile pikipiki aliipenda jamani, alikuwa anaifuta vumbi kwa fulana aliyoivaa!

Akanikabidhi hela akasema, "Mama Rahma, wewe ndiyo mjanja wa bei. Kamalizane na watu wa mikopo."

Muuza gari akakubali kutushikia kirikuu mwezi mmoja.

Nikaanza na taasisi moja pale Mchafukoge. Afisa mikopo, dada mpole tu, akanijazisha fomu, nikasaini. Baada ya siku mbili akaniita: mkopo umepita, riba hii hapa. Kusema ukweli haikuwa mbaya.

Nikakunja uso. "Mh, mbona juu hivyo dada? Punguza kidogo, mimi mtu wa hapahapa."

"Riba haipungui, dada yangu."

"Basi ngoja nizunguke, nitarudi."

Nyie wa Kariakoo mnajua. Ukisema hivyo, hatua ya tatu tu unasikia "dada njoo, njoo tuongee!" Basi nikatembea polepole. Nikasimama kusoma kalenda ukutani. Nikainama kurekebisha kandambili. Mpaka mlinzi ananifungulia mlango, kimya. Hakuna aliyeniita.

Nikasema poa, kiburi si mnacho? Wiki tatu nikazunguka taasisi nyingine tano.

Kote wimbo mmoja: "Jaza fomu kwanza ndiyo tujue riba yako." Najaza, nasaini, naondoka. Juu ya sehemu ya sahihi kulikuwa na maandishi madogo madogo, nani ayasome?

Kwa wa nne nikatia uongo kabisa, kwamba taasisi ya tatu imenipa riba nusu ya hiyo yake. Akanipongeza, akasema kaichukue haraka kabla hawajaghairi. Nilimchukia yule kaka.

Huko kote hakuna aliyenipa riba nzuri kuliko ya Mchafukoge. Nikarudi kwa yule dada, mpole kama nimetoka msibani.

Akasema muda wa ile ofa umepita, lazima aangalie upya. Akaangalia. Akaniangalia na mimi.

"Dada, umeomba mikopo sehemu sita ndani ya wiki tatu?"

"Sijaomba, nilikuwa naulizia tu."

"Ungeuliza kwa mdomo ingekuwa kuulizia. Ukisaini unaturuhusu kuvuta taarifa zako za mikopo, na kila tukivuta panabaki alama. Anayefuata akiziona anajua huyu mtu kabanwa, au ameshakopa kote huko."

Kumbe yale maandishi madogo ndiyo yalikuwa ruhusa yenyewe! Na score, kile kipimo cha kuaminika kwangu kwenye mikopo, imeshuka. Si sana, anasema, ila ukiiweka pamoja na zile alama, mkopo hauwezi kupita. Nirudi baada ya miezi sita.

Nikamwambia, "Fanya mitatu."

Wakuu, sijui hata mdomo ulifungukaje.

Mdogo wangu yuko majuu, anasema kwao ukiomba mikopo ya gari kwa siku zinazokaribiana wanahesabu kama ombi moja. Nikamwambia hongera, sisi tupo Mchafukoge.

Mwezi ukaisha, muuza gari akaiuza kirikuu kwa mtu mwingine. Simlaumu, alisubiri vya kutosha.

Nilichojifunza: zungukeni, lakini kwa mdomo. Ulizeni riba, muda, na makato yote. Ulizeni kabisa, "Hapa mtavuta taarifa zangu?" Kalamu itoke kwenye mkoba ukishamchagua mmoja. Na someni kabla ya kusaini, msiwe kama mimi.

Jana ndiyo nimemwambia Baba Rahma yote. Hakufoka. Bora angefoka! Aliniuliza kitu kimoja tu:

"Yule wa kwanza alikuwa na kasoro gani?"

Nimetafuta jibu usiku kucha sijalipata. Humu ndani mna watu wenye majibu ya kila kitu, hebu shusheni maoni, nimwambie nini? Fanyeni haraka, anatoka kazini saa kumi na mbili, na siku hizi anarudi kwa miguu.