Ukingo wa Medali

Harufu ya jivu lililochanganywa na ndimu ndiyo iliyonijulisha kwamba Idd imekaribia. Kwetu Kibera, juu kidogo ya Silanga, wiki ya mwisho ya Ramadhani ilikuwa wiki ya kusugua. Sufuria, sinia, birika, hata vifuniko vilivyopinda, vyote vilitolewa uani vikasuguliwa mpaka vikuonyeshe meno yako. Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita nyanya, aliamini kwamba chombo kisichong'aa ni aibu ya mwenye nyumba, na mimi mjukuu wake wa miaka tisa nilikuwa bingwa wa kazi hiyo.

Nilikuwa pia mkusanyaji. Katika mkebe wa kakao niliweka senti kuukuu zenye tundu katikati, ambazo wanawake waliolima kando ya bwawa walizifukua wakanipa. Zote nilizisugua. Lakini kitu kikuu nyumbani hakikuwa changu. Kilikuwa medali ya fedha ya baba yake Haboba, askari wa vita vya kwanza vya Wazungu, yenye kichwa cha mfalme, na ukingoni, kwa herufi ndogo mno, jina lake na namba yake ya jeshi. Haboba hakujua kusoma. Kila asubuhi ya Idd mtoto mmoja alipewa heshima ya kuusoma ukingo ule mbele ya jamaa wote, namba akiitaja kwa Kiingereza cha shule, ambacho Haboba hakukielewa, na ambacho wakubwa walikisikiliza huku masikio yao yakiwa kwenye pilau. Hakuna aliyewahi kuiandika. "Kina Juma Faraji walikuwa wengi," Haboba alizoea kusema. "Namba ndiyo yake peke yake." Mwaka ule zamu ilikuwa yangu.

Siku mbili kabla ya Idd, Haboba akiwa sokoni, niliitoa medali sandukuni. Ilikuwa nyeusi, nami nikaona haya kwa niaba ya marehemu. Jivu halikutosha. Rafiki yangu Akinyi, ambaye baba yake alikuwa fundi wa vitanda mlango wa pili, aliniletea kipande cha msasa. Tulisugua mbele, nyuma na ukingoni, tukipokezana.

"Aki imeng'ara!" Akinyi akasema. "Mpaka unajiona!"

Nilijiona kweli, nikafurahi, nikairudisha sandukuni.

Asubuhi ya Idd, sebule imejaa wajomba na shangazi, Haboba alinikabidhi medali. "Haya mama, tusomee." Niliizungusha mara mbili. Ukingo ulikuwa laini kama mpini wa kijiko. Wanasema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi, nimesimama na gauni jipya. Jina nililijua. Namba sikuijua. Nikatunga tarakimu nne, nikazitamka kwa sauti ya mtu anayesoma. Haboba akaichukua medali, akapitisha kidole gumba ukingoni polepole, akanitazama.

"Soma tena," akasema.

Nikarudia zilezile.

"Mmesikia? Basi shikeni," akawaambia wote.

Nao wakashika. Sasa ninaishi Kawangware, sufuria zangu ni za aina isiyotaka kusuguliwa, na bado ninakusanya. Nina hata sarafu moja ya Kirumi, nyeusi tii, ambayo sijaigusa kwa kitambaa, kwa maana nimejifunza kwamba ule weusi ndio ngozi ya sarafu kongwe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mbali. Tarakimu zangu nne zimeandikwa nyuma ya picha ya marehemu Haboba, na wapwa zangu wanafungulia simu kwazo. Mwaka jana mjomba wangu mkubwa aliziandika katika barua ya kuomba rekodi za babu yake kutoka ng'ambo. Jibu lilipokuja alinipigia simu akanisomea: hakuna askari mwenye namba hiyo.

"Unaona hao watu?" akasema. "Walimtumia, halafu wakamfuta."

Niliona aibu ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Aliyemfuta nilikuwa mimi, kwa msasa, ili ang'ae.