Daftari la Pumu

Nina hamu ya farasi. Nalisema mapema ili nisije nikajifanya hapa nazungumzia sheria na fomu. Mtaa wa Mazwi, Sumbawanga mjini, ninakoishi sasa una pikipiki na baiskeli, na hakuna wa kumweleza jinsi farasi aliyetoka mbioni anavyonukia, au jinsi anavyokusukuma kwa paji la uso akitaka umkune. Napanda baiskeli nimenyoosha mgongo na kubana magoti, watu wanacheka. Fundi pikipiki wa jirani ameshauliza kama nimeumia kiuno.

Nilitoka kijijini kwetu Ufipa, njia ya Kipili, nikiwa na miaka ishirini, nikaenda kaskazini kwenye shamba moja lililofuga farasi. Nilianza kwa kuzoa mavi. Mwaka wa tatu mpandaji wao alivunjika bega, na kwa kuwa mimi ni mwepesi, nikapandishwa. Mbio zetu si zile za kuzunguka uwanja huku watu wakipiga vigelegele. Ni mwendo wa porini wa kutwa nzima, na njiani kuna vituo ambako daktari wa mifugo anapima mapigo ya moyo wa farasi. Yakikataa kushuka, mmetoka. Nilikabidhiwa farasi jike wa kahawia, mwenye baka jeupe usoni, jeuri kupindukia. Alimng'ata kila mtu pale shambani. Mimi aliniuma mara mbili tu, nami nikahesabu hayo kuwa mapenzi.

Wenzangu bandani walinitania kama Watanzania wote wanavyomtania mtu wa kwetu. "Huyo katoka Sumbawanga, ana dawa huyo, hashindwi." Niliwajibu kwamba dawa ipo, na wao ndio watakaofuata kugeuzwa farasi, wachague rangi mapema.

Na kweli dawa ilikuwepo. Nina pumu tangu utotoni. Pale shambani niliificha miaka tisa yote, maana nani atamkabidhi farasi mtu anayekohoa kwenye majani makavu? Kifua kikibana, nilikwenda duka la dawa mjini, nikanunua kipulizio bila cheti cha daktari, nikavutia chooni. Na katika miaka hiyohiyo, mimi ndiye niliyeandika kitabu cha yule farasi. Kila chanjo, kila dawa ya minyoo, kila sindano ya maumivu, kipimo chake, na siku za kusubiri kabla hajaruhusiwa kushindana. Daktari wa mifugo aliusifu mwandiko wangu. Kifua changu sikukiandika popote.

Kisha nikachaguliwa kwenye timu ya kwenda kushindana nje ya nchi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Daktari wa timu, mama mmoja anayesema polepole, alituketisha akatueleza kwamba kule anapimwa farasi na anapimwa mpandaji. Dawa nyingi za kawaida za hospitali zimo kwenye orodha ya zilizokatazwa. Mwenye ugonjwa wa kweli anaombewa kibali cha kutumia dawa yake kwa tiba, lakini lazima alete cheti, maelezo ya daktari, na ushahidi kwamba ugonjwa haukuanza jana. "Mwenye jambo aniambie leo," alisema. Nilikuwa nimeshachungulia orodha, nikaona kipulizio changu kinaruhusiwa kwa kiasi. Nikanyamaza.

Zilipobaki siku chache tuondoke, niliomba ruhusa ya kwenda nyumbani kumuaga mama. Ulikuwa mwezi wa saba, upepo wa baridi wa Ufipa umekaza, na mama alikuwa anapiga ulezi. Nami, mpandaji wa timu ya taifa, ningemwacha mama apige ulezi peke yake? Nikachukua fimbo. Vumbi la ulezi si la mchezo. Saa moja baadaye nilikuwa nimeketi chini, mikono magotini, natafuta pumzi nisiione. Kipulizio hakikufua dafu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi kilio changu nilikisikia kikianza, kwa sauti ya mama.

Kwenye kituo cha afya walinitundikia dripu, wakanichoma sindano, kisha wakanipa vidonge vyeupe vya kumeza wiki mbili, nikipunguza kidogo kidogo. Jina la vidonge hivyo nililikumbuka. Lilikuwa kwenye orodha. Mbio zilikuwa baada ya siku kumi na mbili. Nikiacha vidonge, kifua kitanirudi. Nikiendelea kumeza, mkojo utanishtaki.

Siku ya nne nilipanda mwinuko wenye mtandao, nikampigia daktari wa timu.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba." Nikamweleza yote. "Miaka tisa ameficha," akasema, kana kwamba anamwambia mtu mwingine aliye pembeni. Kisha akarudi kwangu. "Haya. Kwa dharura, kibali kinaweza kuombwa hata sasa. Nipigie picha daftari la matibabu ya juzi, na ya zamani yote uliyo nayo. Kamati itataka kuona huu ni ugonjwa wako, si ujanja."

Nilishuka kile kilima nikiwa na furaha. Kwetu kila mgonjwa hununua daftari la shule, daktari akaandika humo, na daftari analitunza mwenyewe nyumbani. Yangu yote, tangu nikiwa mtoto wa mgongoni, yalikuwa kwa mama. Mama hatupi hata kifuniko cha chupa.

Nilimkuta anapepeta. "Mama, lile daftari langu la hospitali umeliweka wapi?"

"Nimelichoma."

"Lipi?"

"La juzi. Jana si umekula ugali?"

Kwa mama, aliyekula ugali amepona, na aliyepona makaratasi ya ugonjwa wake hayalali ndani ya nyumba, yasije yakauita urudi. Sijui kama ni mila ya Wafipa wote au ni ya mama yangu peke yake. Anachoma daftari, majivu anayapeleka kwenye maboga, na Jumapili anakwenda misa kama kawaida. Nilimuuliza ya zamani. "Yote," akasema, "kila ulipopona." Alilisema kama mtu anayengoja kushukuriwa.

Nilimfokea. Sikuwahi kumfokea mama maishani mwangu, na siku hiyo nilimwambia kwamba amechoma farasi wangu, amechoma safari yangu, amenichoma mimi. Maneno hayo nayajutia hadi leo. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha kanisani na viatu. "Twende kwa huyo daktari," akasema.

Daktari wa kituo alikuwa kijana. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Chukua kalamu."

Yule kijana alifungua rejista, akanakili mstari wa siku ile nilipoletwa, akagonga muhuri. Hilo alikuwa na hakika nalo. Ya nyuma hakuyaona, akasema kwa heshima kwamba hawezi kuyathibitisha.

"Sijakwambia uthibitishe," mama akasema. "Mimi nasema, wewe andika."

Akaanza. Hakuwa na tarehe. Alikuwa na mwaka ambao mvua ya mawe ilipiga mahindi, msimu ambao upepo ulibeba paa la kanisa la kigango, wiki ya komunyo yangu ya kwanza. Kila mara alisema nilipelekwa wapi, nilichomwa sindano ngapi, tulilala hospitali siku ngapi. Kijana alianza akitabasamu, kisha akaacha. Mama akafika kwenye safari moja nisiyoikumbuka, nikiwa na miaka minne. Tulipata lifti ya lori la dagaa lililotoka Kipili, akanipakata hadi hospitali ya Namanyere, amenitoa kichwa dirishani nipate upepo, huku akiomba kwa sauti na dereva akiitikia. Tangu siku hiyo, akasema, harufu ya dagaa humrudishia ile safari. Maisha yangu yote nimemcheka mama kwa kutokula dagaa, nikimwambia anaringa. Sikuweza kuendelea kusikiliza. Nikatoka nje, nikawaacha wawili hao na kalamu yao.

Kurasa zilipokwisha, daktari aliniletea nje, nikazipiga picha mojamoja bila kusoma, nikazituma. Tukangoja. Mimi nilipanda kile kilima asubuhi na jioni. Nilimwota yule farasi kila nilipofumba macho, hata mchana.

Jibu lilikuja siku ya tano. Kamati ilielewa kwamba nilitibiwa kwa dharura. Lakini maelezo ya mzazi si ushahidi wa kitabibu, na zaidi ya yote, hapakuwa na karatasi yoyote ya miaka tisa ambayo mwombaji alikuwa shambani. Kibali hakikutoka. Daktari wa timu alinisomea jibu hilo polepole, kisha akasema, "Kama ungeniambia siku ile, mwanangu, tungekupima hapahapa, tungekuwa na karatasi." Alisema kweli, maana madaftari aliyoyachoma mama hayakuwa na miaka hiyo. Hiyo niliichoma mwenyewe.

Farasi wangu alipandwa na mtu mwingine. Walimaliza katikati ya kundi, si vibaya. Nilimuuliza mwenzangu kwa simu kama farasi alimng'ata mpandaji huyo. Akasema hapana, alitulia kabisa. Niliyameza yote, ila hilo mpaka leo halijashuka.

Shambani hawakunifukuza. Walinihamishia getini, mbali na majani makavu, kwa wema tu. Nilivumilia miezi miwili kuwatazama wakipita na farasi, kisha nikafunga mizigo nikarudi. Sasa natibiwa Sumbawanga mjini, na kifua kimetulia kuliko kilivyowahi kutulia. Mama hunitembelea. Hatujalizungumza tena jambo lile.

Kurasa za daktari kijana nilizisoma baadaye, peke yangu, nilipokuwa nafungua mizigo. Nilitaka kujua mama alisema nini baada ya mimi kutoka. Mwandiko ulikuwa mbaya, nikausoma kwa kidole. Safari zilifuatana hadi mwaka nilioondoka. Chini kabisa kijana alikuwa ameuliza swali lilelile ambalo kamati ingeniuliza, na akaandika alichojibiwa:

"Miaka tisa ya kaskazini, mama anasema hana la kuandika. Anasema mtoto alipiga simu kila Jumapili. Anasema pumzi alikuwa anaisikia ikibana, lakini mtoto alisema ni mzima, naye akaitikia kwamba ni mzima."