Karatasi Nyekundu za Émerance

Émerance Kalenga alikuwa mkemia wa chuo kikuu, binti wa fundi wa reli, jirani yetu hapa mtaani Katuba. Wanajeshi walipopora mji mwaka 1991, maabara yake ilibaki kuta tupu. Waling'oa hata mabomba. Tulidhani atajifungia alie. Wapi! Alichemsha maua mekundu ya ngai-ngai jikoni kwa mama yake, Jeanne, akachovya humo vipande vya karatasi, akavianika kwenye kamba ya nguo.

Ukiweka karatasi ile juu ya samaki mzuri, inabaki nyekundu. Samaki aliyeanza kuoza anaigeuza kijani, hata kabla pua haijashtuka. Umeme ulikuwa umekufa, friji za sokoni zimekuwa makabati tu, na kuhara kulikuwa kunamaliza watu. Émerance alitaka jambo moja: mtu asife kwa kula. Aliwagawia wauza samaki karatasi bure, akawafundisha mpaka sauti ikamkauka. Nilimpenda kwa ukaidi ule.

Wauzaji nao si wajinga. Tangu zamani huosha samaki kwa ndimu ili kuondoa harufu. Victorine, mwenye meza ya mbele, akagundua kwamba samaki wake wa juzi, akishaoshwa hivyo, haigeuzi karatasi. Uchachu wa ndimu unaizuia. Habari ikatembea meza hadi meza, na mnunuzi akiona nyekundu alilipa bila kunusa.

Émerance aliposikia, alikimbia sokoni.

"Ba mama, ndimu inadanganya karatasi! Muache kuosha samaki na ndimu!"

"Mademoiselle," Victorine akamjibu, "courant hakuna, frigo yangu ilikufa. Nikitupa hii samaki, batoto bangu batakula nini? Karatasi yako?"

Soko zima likacheka. Émerance akadai karatasi zake zirudishwe. Wakampa bila ubishi, maana walishajua kuchemsha maua wenyewe. Sijawahi kuona msomi akisikilizwa vizuri namna ile.

Aliporudi nyumbani alimkuta Jeanne amejikunja kitandani, anatapika maji matupu. Hospitali hazikuwa na serumu za kumrudishia mgonjwa maji mwilini, na wauguzi walikuwa kwenye mgomo. Siku ya pili mama hakuweza tena kukaa.

"Mama, ulikula nini?"

"Samaki ya Victorine. Lakini haiko ile iliniletea ugonjwa, mutoto yangu. Sikununua ovyo mimi. Niliangalia kwanza karatasi yako, ilibaki nyekundu, rouge kabisa. Niliambia bantu bote: hii ni kazi ya mutoto yangu."

Émerance alimficha habari ya ndimu. Alimwacha afe akijivunia.